Fomu Niliyoisaini Bila Trefor

Mdogo wangu Eirwen,

Hapa Swansea mvua haikatiki, na paka wako kanenepa. Siku hizi ile ruzuku ya kodi ya nyumba tunapewa sisi wapangaji wenyewe, na mara mbili mume wangu Trefor ameimalizia kwenye kamari ya farasi. Jumatatu nikaenda ofisi inayotoa ruzuku kuomba alipwe mwenye nyumba moja kwa moja.

"Mumeo anajua, mama?" karani akauliza.

"Anajua," nikasema, nikasaini.

Kumbe ofisi hutuma barua ya kuthibitisha nyumbani, yenye majina yetu wote wawili! Kila asubuhi namvizia tarishi mlangoni. Leo usingizi ulinipitia. Niliposhuka, Trefor, ambaye hajawahi kunipikia chai, alikuwa ameniwekea kikombe mezani.

"Kaa, Glenys."

Nakuandikia nimejifungia chooni. Chai itakuwa imeshapoa.

Dada yako,
Glenys