Nkeri Katika Maziwa ya Koko

Lushebere, tarehe 14 Septemba 2025

Kwa Papa mpenzi,

Leo nimeapa kukuandikia yote, bila kuacha kitu. Lakini kwanza nakusalimia sana. Uko na afya? Ule mguu uliochanwa na msumeno umepona? Huku mimi ni mzima. Mvua imeanza, maharagi yameota vizuri, na Bihogo, ng'ombe wetu mmoja aliyebaki, bado anatunzwa na jirani yetu Papa Mbonigaba. Anatuletea lita moja ya maziwa kila asubuhi. Rezo, mtandao wa simu, haijarudi, kwa hiyo barua hii itapanda moto, ile pikipiki ya dereva Fiston, mpaka Kashebere, halafu ifuate magari ya Walikale.

Katika barua zangu tatu zilizopita niliandika, "Koko anakusalimia." Papa, haikuwa kweli. Mama yako hakukusalimia, kwa sababu ameanza kusahau. Mwanzoni alisahau vitu vidogo, kama kifuniko cha sufuria au siku ya misa. Sasa ananisahau mimi. Asubuhi ananiangalia nikiwasha moto, kisha anauliza, "Weye uko mutoto wa nani?"

Ninajibu, "Niko Tuyishime, mutoto wa Kanamugire, mutoto wako."

"Aa, karibu. Mama yako anajua uko hapa?"

Mama alikufa nikiwa na miaka minne, na Koko mwenyewe ndiye aliyenilea. Basi nasema ndiyo, anajua. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa utakosa usingizi. Tena niliona kama nikiiandika kwa kalamu itakuwa kweli zaidi.

Sasa habari nzuri. Mama Astrid, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja shuleni kutufundisha juu ya chakula. Alikuwa ametoka Goma na alileta kisanduku cha matunda madogo ya buluu, ambayo kwa Kifaransa yanaitwa myrtille. Yamevuka kutoka Rwanda. Kila mwanafunzi alipewa moja. Mimi na Shekinah, rafiki yangu wa benchi moja, tulibaki kufagia kilasi, basi Mama Astrid akatuongezea sita kila mmoja. Ngozi ya tunda lile ina kitu cheupe juu kama vumbi, lakini ukilisugua kwa kidole linang'aa. Nilidhani ndani pia ni buluu, kumbe ndani ni kijani hafifu sana. Linapasuka kwenye meno, utamu unakuja, kisha uchachu mdogo unabaki nyuma ya ulimi. Shekinah alitia yote sita mdomoni mara moja akasema, "Haya njo matunda ya wagonjwa wenye feza!" Mimi nilikula moja moja nikitembea, na la mwisho nililimaliza mlangoni kwetu.

Mama Astrid alisema rangi ile ya ngozi inasaidia mishipa ya damu, moyo na macho, na ya kuwa wachunguzi wanaona inaweza kusaidia kumbukumbu za wazee. Pale shuleni, wengine walipotoka, nilimfuata.

"Mama Astrid, inaweza kumurudishia muntu vitu alisahau?"

"Mutoto wangu, ile iko chakula, haiko dawa."

"Lakini inasaidia?"

"Inasaidia kidogo. Na usitafute ya Goma, bei yake itakuchoma. Nkeri nyeusi za miiba, zile ziko kwenye nyua zenu, ziko na rangi ileile."

Nkeri, Papa! Zile ambazo tunazipita kila siku! Niliandika neno "kidogo" kwenye kaye yangu ya shule na kulipigia mstari. Kidogo ni zaidi ya hakuna.

Nilichuma kikombe kizima siku ileile. Wachungaji wa mbuzi walinicheka: "Angalieni, musichana mukubwa anashindana na ndege!" Nilivumilia. Lakini Koko aliangalia kikombe, akanirudishia. "Nkeri ni ya batoto ba kuchunga mbuzi. Mimi niko muchungaji?" Nimejaribu siku tano. Papa, nifanye nini ili azile? Na wewe utakuja lini?

Mtoto wako,
Tuyishime

*

Walikale, tarehe 3 Oktoba 2025

Tuyishime mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Barua yako ilinifikia juzi, imelowa pembe moja. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mguu umepona. Tunapasua mbao za shule, mvua haituachi, na ninakula ndizi za kutwanga mpaka nimezichoka. Maziwa huku hakuna, msitu huu haukubali ng'ombe. Nikiona unga wa maziwa katika duka nageuza uso.

Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningeandika vilevile, "Koko anakusalimia." Nilikuwa nimeona dalili. Siku ninaondoka aliniuliza mara mbili ninakwenda wapi, nikajidanganya ya kuwa ni huzuni tu.

Kuhusu kuja, nami nikuambie ukweli kwa sababu umeniambia wako. Si kazi inayonizuia. Kutoka hapa mpaka Kashebere kuna vizuizi vya watu wenye silaha, na kwenye kila kimoja wanauliza jina na unakotoka. Mwezi wa saba tuliondoka wawili wenye majina ya kwetu. Mwenzangu hajaonekana mpaka leo. Mimi nilirudishwa, nikashukuru Mungu. Kwa hiyo kila wiki nauliza madereva, na kila wiki wanatikisa kichwa.

Kuhusu nkeri, umenichekesha, na sikuwa nimecheka siku nyingi. Mama hakuwahi kula tunda mbele yetu hata mara moja. Kwake muntu muzima anayetafuna matunda hana malezi. Nikiwa kijana nilimletea mapera kutoka sokoni. Aliyafunga ndani ya kitenge akasema atampa mugeni. Mugeni hakuja, mapera yakaoza. Kitu anachopokea bila kuuliza ni maziwa tu.

Soma vizuri. Funga mlango mapema.

Papa yako,
Kanamugire

*

Lushebere, tarehe 12 Oktoba 2025

Papa mpenzi,

Nakusalimia kwa furaha. Sisi wazima, tunakuombea wewe na wale madereva. Nasikitika sana juu ya mwenzako. Sitakuuliza tena utakuja lini.

Naandika haraka, Fiston anapiga honi huko nje. Barua yako imenipa akili! Leo nimeponda nkeri, nikazichuja kwa kitambaa safi, na kesho asubuhi nitatia maji yake katika maziwa yaliyoganda. Najua kwetu hakuna kinachochanganywa na maziwa, eti ng'ombe atapata madhara. Lakini nimefikiri vizuri: sitagusa kibuyu cha maziwa, nitatumia kikombe cha plastiki, na Bihogo hatajua. Nimejaribu kidogo kwa kijiko. Ni tamu, Papa! Na rangi yake ni nzuri, nyekundu hafifu, kama ulimi wa ndama.

Akinywa kila siku, mpaka Noeli labda atanijua.

Mtoto wako,
Tuyishime

*

Walikale, tarehe 9 Novemba 2025

Mwanangu,

Uko muzima? Mama iko muzima? Sina nafasi ya salamu ndefu. Wiki ya nne hii sina barua. Dereva mmoja alikutana na Fiston Kashebere kabla barabara haijafungwa, naye alimwambia, "Mwambie Kanamugire mama yake alipotea kwenye mulima," kisha gari likaondoka. Alipotea, akaonekana? Alipotea, na bado? Dereva hajui. Nimemuuliza mara kumi, sasa ananikimbia.

Nimefunga mfuko wangu. Nikikosa habari mpaka mwisho wa mwezi nitapita, vizuizi ao hakuna vizuizi. Niandikie ukweli hata kama ni mubaya.

Papa yako

*

Lushebere, tarehe 16 Novemba 2025

Papa mpenzi,

Koko ni mzima. Ninaanza na hilo, salamu zifuate. Alipatikana siku ileile, hana jeraha, na sasa amekaa karibu nami anamenya maharagi. Fungua mfuko wako, Papa, tafadhali. Barabara ilifunguliwa jana tu upande huu, na Fiston anasema vizuizi vya mbele ni vilevile. Usipite. Wewe je, unalala? Unakula?

Nimeapa kusema yote, basi nasema na kosa langu. Asubuhi ile nilimpa Koko kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili kama ulivyosema, bila kuuliza. Alikiinua, akaangalia ndani, akasimama.

"Hii maziwa iko na damu!"

Papa, mimi ni mtoto wa nyumba ya ng'ombe na sikulifikiria hilo! Maziwa mekundu kwake hayana maana nyingine ila kiwele kinachougua.

"Nani alikamua? Chuchu ya wapi? Ya mbele ao ya nyuma?"

"Koko, ni nkeri. Ni mimi nilitia."

"Niko naona damu, unaniambia nkeri! Kimbia, chemsha maji, utie chumvi. Hiyo ng'ombe itakufa mukiangalia."

Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ile iliyokuwa inatuamuru sote. Nilisimama tu kumsikiliza, hata nikasahau kuogopa. Nikaenda kisimani kuchota maji ili atulie. Niliporudi, fimbo yake haikuwa mlangoni.

Nilikimbia kwa Papa Mbonigaba. Alikuwa amesimama kando ya Bihogo na mikono kiunoni. "Alifika hapa," akasema. "Alishika kiwele, akapima chuchu zote ine, akaniambia, 'Ng'ombe iko muzima, njo weye uko na mikono ya mulimaji.' Kisha akasema anaenda kuangalia zile zingine." Zingine zipi, Papa? Zingine zote ziliisha wakati wa vita. Alikuwa amekwenda kwenye malisho ya zamani, juu ya mlima, ambako hatufiki tena.

Tulimtafuta mimi, Shekinah na Papa Mbonigaba. Nililia njia nzima, na Shekinah alinishika mkono bila kufanya mzaha hata mmoja. Saa saba tukasikia kelele za watoto. Wachungaji wa mbuzi walikuwa wamezunguka kichaka cha nkeri, na mmoja akatupigia kelele, "Mumuondoe huyu mama! Anatumalizia zetu zote!"

Koko alikuwa amekaa chini kwenye majani, miguu imenyooka mbele. Vidole vilikuwa vyeusi, mdomo mweusi, na kitenge kimejaa nkeri mapajani. Alikuwa anakula, Papa, mbele ya watu. Aliponiona akacheka, akapunga mkono.

"Muhawenimana, kuya! Harakisha, kabla Mama hajatuona!"

Niligeuka nyuma kuona anamwita nani. Hakukuwa na mtu, Shekinah alikuwa kando yangu na Papa Mbonigaba alikuwa bado anapanda mlima. Basi nikaenda, nikakaa.

Alinichagulia. "Ile yenye kung'aa, uache, bado ni chachu. Ile imefifia, njo tamu." Akanitia mdomoni moja moja kwa vidole vyake. Zilikuwa na joto la jua, mbegu zinaingia kwenye meno, na kweli ile iliyofifia ndiyo tamu, hata kuliko myrtille za Mama Astrid. Tulikula mpaka tukachoka. Nilikuwa na furaha sana, Papa. Kisha niliona haya, kwa sababu furaha ile ilikuwa ya mtu mwingine, mimi nimeketi mahali pake.

Tulipokuwa tunashuka Papa Mbonigaba alinieleza ya kuwa Muhawenimana ni dada mkubwa wa Koko, aliyekufa kwa homa angali msichana, kabla Koko hajaolewa. Labda wewe unajua habari zake. Mimi sikuwahi kulisikia jina lile.

Tangu siku hiyo tunakwenda kwenye kichaka kila nikitoka shuleni. Maziwa anakunywa meupe, nkeri anakula mbele ya kila mtu. Mama Astrid amempima, ameongeza kilo moja na nusu, na presha ya damu imeshuka kidogo. Nilimuuliza kama ni nkeri. Akasema ni nkeri, na kutembea, na kucheka, hawezi kuvitenganisha. Nikamuuliza juu ya kumbukumbu. Akaniomba nimshikie kaye yake ya wagonjwa.

Lakini naona mwenyewe. Kumbukumbu hazirudi. Koko haniulizi tena mimi ni mtoto wa nani, kwa sababu sasa anafikiri ananijua. Jumapili nilijikaza nikamwambia, "Koko, mimi niko Tuyishime." Akaangalia mlangoni, nyuma yangu, akauliza, "Na Muhawenimana alienda wapi?" Nikasema alikufa zamani. Papa, alilia kama amepokea habari leo. Alilia mpaka maziwa ya jioni yalipoletwa, na kesho yake asubuhi alikuwa amesahau kilio, lakini hakuwa amesahau kumngojea.

Nikiitika jina lile, uso wake unafunguka wote. Anakula vizuri, analala vizuri. Lakini ninasema uongo kwa mama yako, kila siku, na wewe hukuniruhusu. Na kuna jambo lingine ambalo sitaki kuliandika, ila nimeapa. Nyumba hii ina watu wawili tu. Nikiitika, hakuna tena atakayeniita kwa jina langu mpaka siku utakaporudi.

Fiston anasema atangojea jibu lako Kashebere siku mbili, usimcheleweshe. Niambie neno moja tu, Papa, nitalifuata. Akisimama tena kwenye uwanja akaita, "Muhawenimana!", niitike?

Mtoto wako,
Tuyishime