Mabano Niliyoyakosea Ubaoni

Alhamisi. Mvua ya mawe imeipiga michai yetu tangu saa nane, na moyo wangu hauko sawa.

Nilikubali kufundisha hesabu katika shule yetu ya harambee hapa Marani kwa sababu hakupatikana mwingine. Aljebra nilijifunza ukubwani, kwa masomo ya posta, nikaipenda. Ukipewa x² − x − 12, unatafuta namba mbili: zikizidishwa zitoe hasi 12, zikijumlishwa zitoe hasi 1. Ni hasi 4 na 3. Basi unaandika (x − 4)(x + 3). Inataka subira tu.

Jumatatu niliandika ubaoni (x + 4)(x − 3).

Hapo jumla ni 1, si hasi 1. Leo nikisahihisha nimelikuta kosa langu katika madaftari yote ishirini na mawili. Ila kwenye la Kwamboka, msichana anayewashinda wote, nimeona pia jibu sahihi, ukurasa wa mwisho kabisa, kwa penseli hafifu.

Nilimwita nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Aliangalia sakafu.

"Mwalimu, wewe ni rika la baba. Nikusahihishe mbele ya watu, halafu nyumbani niseme nini?"

Sikuweza kumlaumu. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu sisi Wakisii, inayomkataza mtoto kumwaibisha mtu wa rika la baba yake. Nimeisifu mara nyingi mbele ya darasa hilohilo. Nikauliza wamenyamaza hivyo mara ngapi.

"Muhula huu? Kama mara saba." Kisha akaongeza polepole, "Lakini wengine hawanyamazi, mwalimu. Hawajui kuwa umekosea."

Hilo ndilo linaloniuma.

Mtihani uko wiki tatu mbele. Wapo watakaoanguka kwa kuniamini.

Nikamwomba kesho ashike chaki asahihishe makosa yangu yote saba, mimi nikae kwenye dawati lake kama mwanafunzi. Hakukubali, wala hakukataa. Alisema lazima kwanza aombe ruhusa kwa baba yake.

Baba yake nilitahiriwa naye msimu mmoja. Namjua, na najua anavyofikiri, kwa kuwa ndivyo nilivyofikiri mimi hadi leo asubuhi.

Binti yangu angekuja kuniomba ruhusa kama hiyo, ningempa?