Milingoti ya Chemchemini

Mlandege, Iringa

Mama mdogo,

Kamwene. Huku hatujambo, ila baridi imetuingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto ameota jino.

Juzi tulipeleka wanafunzi kuona mtambo wa umeme wa maji. Mashine moja ilikuwa imezimwa, maji ya mto hayatoshi. Mtaalamu akawaambia hiyo ni nishati jadidifu, haiishi, mradi chemchemi za milimani ziwe hai. Akasema huko juu watu wamepanda miti ya milingoti kwenye chemchemi, nayo inafyonza maji vibaya sana. Wanafunzi wakaandika. Mimi nikatazama chini.

Mama mdogo, ile milingoti ya chemchemini kwetu nilikuletea mimi. Chemchemi ilipokauka tukamsema jirani yako Aroni, kwamba kinyungu chake, kile kishamba cha mboga kule bondeni, ndicho kinachomaliza maji. Mkutano wa kijiji ukamtoa pale bondeni, na mimi nilisimama kuunga mkono.

Jumamosi nakuja na shoka. Kwa Aroni naomba unisindikize, peke yangu sitaweza. Kiangazi kile miche yetu ya milingoti ilipoanza kunyauka, yeye ndiye aliyeimwagilia, kwa maji ya kinyungu hichohicho.

Mwanao,
Eveline