Wakili Wangu Hana Ruhusa, na Sasa Anataka Kidole Changu Gumba

Garsen, 12 Mei 1957

Bi Kabibi mpendwa, nisaidie kabla sijampiga mgeni wangu. Mimi ni mfugaji, Muorma, na ndugu yangu Duba amefungwa Lamu miezi kumi na minane, eti alimpiga mkulima wa Ndera kwa fimbo, na siku hiyo Duba alikuwa Madogo anauza ng'ombe, watu wawili walimwona, lakini hawakuitwa kusema, tukaambiwa tuna siku thelathini za kukata rufani, basi tukamleta wakili, Bwana Mahmud, mtu wa Karachi, ana suti na cheti chenye muhuri mwekundu, akakaa kwangu wiki nzima anaandika na kunywa maziwa ya kibuyu cha mama yangu, na kwetu mtu akishakunywa maziwa yako humuulizi karatasi zake, ni kumtukana, kwa hiyo sikumuuliza.

Juzi mahakama imeturudishia rufani. Kumbe huyu bwana ni wakili huko kwao, lakini ruhusa yake ya kuingia koloni hii ni ya ukarani katika duka la mjomba wake Mombasa, uwakili hana ruhusa ya kuufanya hapa hata siku moja. Nikamuuliza, "Ulijua?" Akanijibu, "Bwana Wario, nilidhani huku mbali hawataangalia." Huku mbali! Ndugu yangu analala sakafuni kwa sababu sisi tuko mbali!

Sasa afisa wa uhamiaji atakuja barabara ikipitika, na Mahmud amenitengenezea karatasi niweke kidole gumba, inasema yeye ni mgeni wa nyumba tu na rufani niliiandika mimi, mimi ambaye hata barua hii naandikiwa na karani wa mnada. Mjomba Sabdio asema nikikataa nimemuuza mgeni, na ukoo utanitenga. Barwako, mke wa Duba, hasemi nami tena. Zimebaki siku ishirini. Niweke kidole, au nimng'oe meno?

Wario Hiribae

JIBU

Wario, meno yake yaache, hayatamtoa Duba gerezani.

Nimekasirika, na nitaanza na wewe. Ukinunua fahali unamfungua kinywa, unamzungusha mara tatu, unauliza hata mama yake alikuwa wa nani. Mtu unayemkabidhi maisha ya ndugu yako hukumuuliza hata swali moja! Maziwa ni ya mpita njia. Huyu mlimwita kwa kazi, na mtu wa kazi huombwa ruhusa yake ya kazi kabla hajakaa kitako.

Mahmud naye hana haya. Najua atasema sheria hii ina upendeleo, kwamba angetoka London angefunguliwa mlango upesi. Huenda ni kweli, na linanichoma hata mimi. Basi hasira zake angezipeleka serikalini. Alizileta kwenye shingo ya Duba, kwa kuwa aliwaona ninyi ni watu wa porini msiojua kitu.

Karatasi yake usiiguse. Ni kiapo cha uongo, na ukishaapa uongo kwa ajili ya Mahmud, nani atakuamini ukisema Duba alikuwa Madogo? Mpe chakula na pa kulala mpaka afisa afike, afisa akikuuliza sema kweli, na umwambie mjomba wako kwamba heshima ya mgeni inaishia hapo. Yeye Sabdio, kama anamhurumia sana, aweke kidole chake.

Sasa nisikilize. Mfungwa hukata rufani mwenyewe bila wakili. Humkabidhi mkuu wa gereza karatasi yake, naye huipeleka mahakamani. Nimemuuliza wakili mmoja hapa Mombasa, na ruhusa yake nimeiona kwa macho yangu kabla sijamuuliza. Nenda Lamu, kwa mtumbwi kama barabara bado haipitiki, na majina ya wale watu wawili wa Madogo, uombe kuonana na Duba, ayatie katika rufani yake siku hiyohiyo. Mchukue Barwako. Atasema nawe njiani.

Barua yako imekaa siku tisa njiani kwa ajili ya mafuriko. Gazeti hili likikufikia zitakuwa zimebaki siku tano, labda nne. Usiniandikie kunishukuru. Na kama karani bado anakusomea, mnyamazishe, uondoke.