Mume Wangu Alikohoa Kikaoni, Sasa Anachorewa Kibao

Mshauri wetu, pokea salamu zangu, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama ni ndefu, maana nimechanganyikiwa kiasi kwamba juzi nimemtilia mama mkwe chumvi kwenye chai na yeye kwa heshima zake akainywa.

Mimi ni fundi wa kushona mapazia, nina mume na watoto wawili, tunaishi nje kidogo ya mji kwenye mtaa wa nyumba zenye mageti, na nimepewa jukumu la kutuma Habari za Mtaa kwenye kundi letu la simu kila Jumamosi asubuhi, yaani maji yatatoka lini, paka wa nani kapotea, nani anafungulia muziki mpaka vioo vya jirani vinatetemeka. Kiangazi hiki habari zenyewe ni joto na mgao wa maji tu, isipokuwa niliona ajabu moja, kwamba miche tuliyopanda kwenye kiwanja cha watoto wakati wa mvua ilikuwa bado mibichi ilhali bustani za watu wote zimekauka, maana yake kuna mtu anaimwagilia kimyakimya, basi nikaandika kumshukuru huyo jirani mwema asiyejitaja. Nia yangu ilikuwa njema kabisa.

Sasa ujue kikao chetu cha mtaa kina utaratibu wake. Zamani watu walikuwa wanasema wote kwa pamoja kama mnadani, ikaamuliwa kwamba anayetaka kusema akohoe kwanza, mwenyekiti amwone na amruhusu. Siku hiyo mwenyekiti akauliza, “Huyu jirani mwema wa kwenye Habari za Mtaa, yupo hapa?” Watu wakaangaliana. Mara mume wangu akakohoa, mwenyekiti akasema, “Ahaa, kumbe ni wewe, baba,” makofi yakalia kabla hajafungua mdomo, na mwenzangu badala ya kukanusha akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza.

“Nimesema nini mimi?” akajibu. “Nimekohoa tu. Vumbi.”

“Baba, kila mtu anajua pale kukohoa ni kuomba kusema.”

“Kwa hiyo mtu akiingiwa na vumbi aombe kwanza ruhusa kwa mwenyekiti?”

Mshauri, mpaka leo sijui kama lilikuwa vumbi au alikuwa anajitaja, na nikimtazama naona kama naye hajui vizuri.

Ningemkomalia siku ileile lakini kuna jambo. Mume wangu alikuwa msimamizi wa tanuri kwenye kiwanda cha mikate, kiwanda kikafungwa kabla ya joto kuanza, na tangu hapo alikuwa anashinda na fulana ya ndani amekaa kitako anautazama ukuta, ukimsemesha anaitikia “mm”, ndevu zimemtoka hovyo mpaka mtoto wetu mdogo akawa hataki kubusiwa. Baada ya yale makofi, asubuhi yake akanyoa. Akapiga pasi shati. Akaanza kuamka kabla yangu, anatoka na ndoo mbili anapiga mluzi, watu wanamsimamisha njiani wanamuuliza habari za miche, na anazijua. Nilikuwa nimemkosa mume wangu, mshauri, nisikufiche, na sasa amerudi, na nilipoona pipa letu la maji ya kuogea limekauka nilinyamaza nikawaogesha watoto kwa kikombe.

Kisha maji ya pipa yakamwishia, akahamia kwenye maji ya kuoshea vyombo, yenye sabuni na mafuta yake, na miche ikaanza kunyauka. Anainama kuikagua kama daktari, hana hili wala lile.

Wiki hii nikaenda kusukwa kwa msusi wetu, jirani wa mkono wa kushoto, anafanyia kazi nyumbani kwake, ukumbini. Ananisuka huku mataulo yake yamelowekwa kwenye beseni, akaniambia taratibu, “Dada, mwambie shemeji asimwage maji ya vyombo, yale yana mafuta. Mimi nilikuwa namwagia maji ya mwisho ya kusuuzia mataulo, yale yasiyo na povu.”

Nikahisi kichwa kinawaka moto, na sikujua kama ni nywele zilizovutwa au ni maneno. Nikamuuliza, “Ina maana ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Na ulikuwepo kikaoni.”

“Nilikuwepo. Sikukohoa,” akasema. “Niliona shemeji amefurahi, nikamwachia. Ila Jumamosi usiandike kwamba ni yeye. Nikilisoma hilo kwa mkono wako, dada, sitanyamaza.”

Akamaliza kunisuka, vizuri kama kawaida yake, nikaondoka miguu mizito.

Balaa ni kwamba mwenyekiti amenituma niandike sifa za mume wangu Jumamosi hii, na ameamua kiwanja kipewe jina lake, mchora vibao ameshaanza kazi na herufi ni kubwa. Nikiandika, nimemdhulumu msusi na atanivua nguo mbele ya mtaa mzima. Nikiandika ukweli, nimemrudisha mume wangu ukutani. Nisipoandika chochote, watauliza kwa nini. Wakati mwingine nawaza labda ni kweli lilikuwa vumbi na mwenye makosa ni mwenyekiti, wakati mwingine nawaza mwenye makosa ni mimi niliyeandika habari ya mtu nisiyemjua. Niambie, nifanye nini, na mume wangu ni mwongo au si mwongo?

Mimi, Mwenye Habari za Mtaa

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Habari, pole. Kumwona mwenzako anazimika ndani ya nyumba yako ni mateso, na aliyepita hapo hatakucheka kwa kuwaogesha watoto kwa kikombe. Hapo nimekuhurumia, sasa nikukaripie.

Umenizungusha na vumbi mpaka mimi mwenyewe nimetaka kukohoa. Achana nalo. Sekunde ile kikaoni tumsamehe, mtu aliyekaa kimya miezi yote hiyo akipigiwa makofi ulimi unaweza kumganda. Lakini kesho yake aliamka akabeba ndoo, na keshokutwa tena, na hapo hapakuwa na vumbi. Ndiyo, anadanganya. Na wewe unajua na unamfulia shati la kudanganyia.

Mtaa umemvisha kilemba cha ukoka na wewe unaogopa kikivuliwa atabaki kichwa wazi. Hebu soma tena barua yako. Makofi yalipigwa mara moja tu. Kilichomwamsha kila asubuhi ni ndoo, njia ya kwenda, na watu wa kuwajibu. Hivyo vyote vinaweza kubaki bila uongo, na msusi, mwenye wateja na mataulo ya kutosha, sidhani kama atamkataa mtu wa kumbebea maji.

Kwa hiyo leo jioni mwambie mumeo yote aliyokuambia msusi. Mwambie wewe, akiwa amekaa, watoto wakiwa nje, na usianze na neno “mwongo”. Atanuna. Mwache anune. Kisha aende mwenyewe kwa msusi na ndoo zake tupu, aombe radhi, na aombe yale maji ya mwisho yasiyo na povu. Usimsindikize, wewe si mama yake. Kesho aende kwa mwenyekiti kabla rangi haijakauka. Akirudi ukutani siku mbili tatu, kaa naye hapo ukutani. Akikataa kwenda kabisa, Jumamosi unaandika ukweli kwa mistari miwili bila kumtukana mtu, na unalala usingizi wako.

Kuhusu mwenyekiti anayegawa sifa kwa kusikia kikohozi, huyo aniandikie barua yake mwenyewe.

Jambo la mwisho. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia yule msusi asante. Alitunza miche ya watoto wako, akamwachia mumeo sifa zake, akakusuka vizuri, na wewe ukaondoka na miguu mizito. Habari za Mtaa ziliwahi kumshukuru wakati hujamjua. Sasa unamjua, na anakaa mkono wa kushoto. Weka barua hii chini, nenda.