Wimbo wa Msiba, na Mama Yu Hai

Shoga Leona, uko? Nimejifungia bafuni kwa mama.

Si unajua kaka yangu Wendell na ile ahadi yake ya wimbo mpya kila wiki? Anajirekodi peke yake kule kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mama, Jumapili anaurusha mtandaoni. Wiki hii kamwimbia mama. Kamwimbia AMEKUFA! Mama aliyelala chumba cha juu yake, na mpira wa oksijeni puani!

Majirani wakausikia. Asubuhi hii jirani Bi. Pelkey kaja na bakuli la tambi za kuoka, chakula cha wafiwa, kavaa nyeusi tii. Nani kajikokota kumfungulia mlango? MAMA. Bibi wa watu nusura adondoshe bakuli.

Tukamrudisha mama kitandani, akataka ausikilize huo wimbo. Wote. Wendell kasimama pale, hedifoni shingoni, anajitetea: "Mama, siku ya kutuma ilifika, sikuwa na kitu kingine."

Mama hata hakufoka. "Mzuri," akasema. "Ila hapo unapoimba kwamba ulinishika mkono mpaka mwisho... mwanangu, mbona hata ngazi hupandi kuja kuniona?"

Akamnyooshea mkono. Leona, alimnyooshea mkono!

Unajua alijibu nini yule mtu? "Ngoja kwanza nikaufute huo wimbo."

Akashuka zake.

Mkono ukabaki pale juu ya blanketi. Nikaushika mimi. Mama akautoa taratibu, akaurudisha pale pale.

"Siyo wewe," akaniambia.