Kipimo Kilichosahau Ndege

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Jafar,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Halifax, na kifua chako na baridi hiyo? Mkeo je, na mtoto kashaota meno? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua akitaka kuinuka, lakini akishainuka humkuti. Bakari mume wangu yuko na zamu zake za bandarini kama kawaida.

Najua unangojea tikiti ya lile kongamano la mikoko la Novemba. Lina habari, na habari yenyewe imenitia hasira wiki tatu sasa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kunipigia simu.

Hao waliokualika uje uhutubie waliamua kongamano lao lipimwe kaboni, yaani ijulikane limechafua hewa kiasi gani. Wakaunda kamati ya kuchagua kikokotoo cha kupimia, na mimi wakanitia kwa niaba ya kina mama wapishi. Sisi unatujua, tuko kumi na wanne, na masufuria ni yale yale ya harusi yako. Chakula cha kongamano tulikuwa tumeahidiwa sisi tangu Ramadhani.

Tukaletewa vikokotoo vitatu. Kimoja cha kulipia, hicho hakikuzungumzwa sana. Kingine ni jedwali refu, kurasa kwa kurasa, Kiingereza kitupu, linauliza mpaka kila mgeni katoka wapi na kaja na nini. Cha tatu kiko kwenye simu, maswali tisa tu, na Kiswahili chake kimenyooka. Nikainua mkono kwa hicho, tena wa kwanza! Nilifurahi kuona lugha yetu, nikajiona mtaalamu.

Kikauliza kuni kiasi gani. Nami nikahesabu tunavyohesabu siku zote: waalikwa mia mbili, basi kuni za watu mia nne, maana shughuli ya huku haipikiwi waalikwa peke yao. Kuna majirani, kuna madereva, kuna wasiojulikana wametoka wapi, na kuna vyombo vya kupelekewa wagonjwa majumbani. Kikokotoo hayo hakiyajui. Moshi wote kikawatwika wale mia mbili, jibu likatoka jekundu, rangi ya hatari. Ati mapishi ndiyo sehemu tisa kwa kumi ya uchafu wa kongamano zima!

Mwenyekiti, Bwana Lenox, hakupepesa hata jicho. Akasema chakula kitatoka hoteli moja ya upande wa kaskazini, wao wanapika kwa gesi. Hebu fikiri, Jafar. Gari la barafu lipite mji mzima, lije lipange foleni ya feri injini ikinguruma, na hiyo si kitu, kwa kuwa kikokotoo kinahesabu kinachochomwa pale ukumbini tu! Kuni zetu za mvinje na makumbi ya nazi ndizo zinazoangamiza dunia. Watu wapande ndege waje kutuambia sisi, tulioipanda hiyo mikoko kwa mikono yetu mpaka kucha zikatung'oka, kwamba pilau ndiyo mbaya. Wallahi hawana haya hata kidogo.

Tena ripoti hiyo ingetumiwa kwa kila shughuli ya ukumbi ule kuanzia sasa. Mwenzangu Zuleikha aliposikia aliketi chini akalia, kwani wanawe wanne wanaishi kwa sufuria hizo.

Nikamwendea Lynnette, karani wa kamati, msichana wa bara anayekaa Mikindani. Nilidhani atanifukuza. Kumbe naye limemkera! Akalijaza lile jedwali refu, kuni nikimrekebishia mwenyewe, kisha akaligeuza nilione. Kiti kimoja cha ndege kutoka kwenu huko, kuja na kurudi, kinapita moshi wa masufuria yetu ya shughuli kumi. Na wageni wa ng'ambo mko kumi na wawili.

Basi mkutano uliofuata nilisimama. Bwana Lenox akanikata, “Mama, kikokotoo ulikichagua wewe mwenyewe.” Nikamwambia ndiyo, nilikichagua, na nyinyi mlikileta mkijua kinaacha nini! Kama kuni zangu zinahesabiwa, na ndege zihesabiwe, zote, asiachwe hata mtu mmoja. Kina mama mlangoni wakapiga vigelegele. Kura ikapigwa, jedwali refu likapita, chakula kikarudi kwetu.

Nilifurahi dakika kumi. Kisha wakasema kwa kuwa ndege ndizo zilizozidi, wageni wote wa ng'ambo watahutubia kwa video. Lynnette akasoma majina. Lako lilikuwa la nne.

Nilifungua kinywa nidai kiti kimoja tu, cha ndugu yangu ambaye miaka saba hatujamtia machoni. Kina mama wakanitazama, wote wanakujua. Nikakifunga. Ningesema nini baada ya makelele yale? Na haki ilikuwa yetu, Jafar, sijuti kuisema. Lakini nina hasira mpaka usingizi wa mchana umenikataa, na sasa hata Lenox simwoni wa kumrukia. Tikiti ya mfuko wako mwenyewe uliniambia mwaka huu haiwezekani, basi sikuulizi.

Nisalimie mkeo na umbusu mtoto. Bakari anakusalimu, Zuleikha vilevile, na Babu wa nyumba ya pili anauliza kila Ijumaa. Mola akuhifadhi na baridi na upweke, akukutanishe nasi kwa heri.

Mama naye anakusalimu. Chumba chako kishapigwa chokaa, na asubuhi ameniuliza kama bado unakula viazi vya nazi. Nimemwambia unakula. Lililobaki usimwambie wewe. Nitamwambia mimi, kwa kuwa niliyesema asiachwe hata mmoja ni mimi.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Mwanatabu